Hodi ya Tatu

Siku majina ya watakaowasilisha miradi yanapotoka, hosteli za Magogoni hazikaliki. Ndiyo ada ya wanafunzi wa chuo kikuu kile kilichojibanza kati ya miarobaini na nyumba za watu, huku Kisauni. Mkuu wa idara hutuma majina kwenye grupu la WhatsApp. Chumba chenye mtu aliyetajwa hupiga vigelegele, chumba cha pili hujibu, na hata mama wauza viazi karai pale langoni hujua kwamba mwaka wa nne wamekaribia kuvaa joho, wakaongeza kiazi kwenye sahani bila kuombwa.

Siku hiyo Wardah alikuwa akifua. Alikuwa ameinamia beseni uani mwa hosteli ya Bi Zuleikha, mikono imejaa povu, aliposikia ukelele kutoka juu. Aliyepiga ukelele ni Jerioth, mwenzake wa chumbani, binti wa Nakuru mwenye miguu mirefu na sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde. Aliteremka ngazi kwa kuruka.

"Nimo! Wardah, nimo! Manze, nimo kwa list!"

Wardah alijifuta mikono kwenye leso aliyojifunga kiunoni, akamkumbatia, akampigia kigelegele. Kilikuwa chembamba, kigelegele cha mtu anayeogopa kuamsha mtoto, lakini kilitoka moyoni. Aliyekumbuka kutafuta jina la pili alikuwa Jerioth mwenyewe. Alipandisha kidole kwenye simu, akakiteremsha, akakipandisha tena, kisha sauti yake ikapungua.

"Wewe umewekwa huku chini, peke yako."

Wardah akasoma. *Wardah Mahfudh hajaonana na msimamizi wake hata mara moja. Aje ofisini kwangu. Orodha itafungwa Jumanne.*

Kila mwanafunzi alijua maana yake. Asiyewasilisha mradi zamu hii hungoja mwaka mzima hadi zamu nyingine. Wenzake watavaa joho na kutawanyika. Yeye atabaki Magogoni na watoto wa nyuma yake, akijibu kila siku swali la kwa nini bado yupo.

"Kwani hukwenda kwa Dakta Kyalo?" Jerioth akauliza.

"Nilikwenda."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi. Kila aliponiita."

"Na akasema nini?"

Wardah aliinama akaanza tena kuifikicha kanzu iliyokwisha takata. "Hakunijibu."

"Hakukujibu vipi? Ulimwambia jambo akanyamaza?"

"Nilibisha hodi. Hakunikaribisha. Nikarudi."

Jerioth alimtazama kwanza kama anayengoja mwisho wa mzaha. Alipoona hakuna mwisho, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Ikabidi Wardah aeleze, kwa sauti yake ile ambayo wasichana wa hosteli walikuwa wamezoea kuiegemea ndipo waisikie. Kwao Timbwani, kule Likoni, mtoto hufundishwa hodi kabla hajafundishwa kufunga kamba za viatu. Unasimama kando ya mlango, si mbele yake. Unasema hodi, unangoja. Unasema ya pili, unangoja. Unasema ya tatu. Usipokaribishwa, unarudi ulikotoka, wala hununi, maana mwenye nyumba ana haki ya kutotaka mgeni. Kushika kitasa cha mlango uliofungwa, tena mlango ambao nyuma yake yumo mwanamume peke yake, hilo halikumpitikia Wardah hata kwa ndoto.

"Wallahi, nilikuwa namwona," akamalizia. "Ule mlango wake umeoza chini kwa maji ya mvua. Naona visigino vya viatu vyake. Yumo ndani, anaandika, ananisikia. Akitaka kunijibu, atanijibu. Hataki."

"Wardah, mtu wangu. Sisi wengine hugonga tukiwa tayari tushashika kitasa. Ukifungua ndiyo anageuka."

"Mimi siwezi."

"Ungemtumia barua pepe."

"Nilituma. Kila sura nilituma. Alijibu neno lile lile: njoo ofisini tuzungumze."

"Basi anakuita, ukifika anakunyamazia?" Jerioth alisimama, ndoo ikaanguka. "Huyo mzee ana dharau!"

Wardah aliisimamisha ndoo. Hilo la kunyamaziwa ndilo lililokuwa likimuuma kwa miezi ile yote, asijue pa kulipeleka. Aliamini kwamba Dakta Kyalo amesoma kazi yake akaiona haifai, na kwa kuwa ni mtu mpole, amechagua kunyamaza badala ya kumwambia usoni.

Maana Dakta Kyalo alikuwa mpole kweli. Alikuwa mtu wa Kitui, mtaalamu wa maji, mwenye mvi kwenye masikio na mashati ya mikono mifupi yaliyopigwa pasi hadi yakang'aa. Simu hakupokea, alisema siku ya kwanza kabisa kwamba mazungumzo ni uso kwa uso. Darasani maswali aliyataka kwenye vikaratasi, ayasome moja moja. Wanafunzi walimwita Mwamba. Jina hilo alilipata siku tawi la mwarobaini lilipoanguka juu ya bati la darasa, likalia kama kontena limedondoka bandarini. Darasa zima lilipiga yowe, Jerioth akaingia chini ya meza, lakini Dakta Kyalo aliendelea kuandika ubaoni. Alipogeuka akawakuta nusu yao wako sakafuni, akauliza, "Mmedondosha nini?" Chuo kizima kilicheka wiki nzima, na heshima yake ikaongezeka.

*

Mkuu wa idara alikuwa Dakta Nzai, mama wa makamo ambaye hakupenda maneno mengi. Ijumaa asubuhi alimtazama Wardah juu ya miwani.

"Dakta Kyalo ametuambia mkutanoni kwamba hajakuona. Kweli au si kweli?"

Wardah alifungua kinywa. Kusema nilikwenda akakataa kunijibu ni kumshtaki mtu aliye sawa na baba yake, tena yeye hayupo. Akafunga kinywa.

"Binti, mimi sina siku nzima."

"Nitakwenda kwake, mwalimu."

"Nenda. Akija hapa mwenyewe akaniambia amekuona na kazi imeiva, nitakuingiza. Asipokuja kabla ya Jumanne kuisha, tutaonana mwakani."

Akaenda. Ofisi ya Dakta Kyalo ilikuwa mwisho wa ukumbi wa jengo la zamani, chumba cha chini. Wardah alisimama kando ya mlango, akavuta ushungi, akaita.

"Hodi."

Feni ililia ndani. Visigino vya viatu vya kahawia vilikuwa pale pale.

"Hodi, mwalimu."

Kisigino kimoja kilijikuna kwa kingine.

"Hodi."

Alingoja kuliko kawaida. Aliwaza kwamba labda leo. Kisha akageuka, na alipogeuka alimwona Jerioth amesimama kati ya ukumbi, kumbe alimfuata tangu nje.

"Hiyo ndiyo hodi yenyewe? Hata mbu ana sauti! Toka nipite. Nitaufungua huo mlango kwa teke, nimuulize kosa lako."

"Jerioth, tafadhali." Wardah alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Tafadhali. Usiniaibishe."

"Nani anakuaibisha? Mimi ndiye huitikia jina lako darasani miaka minne! Wakiita Wardah Mahfudh, wewe unasema 'nipo' mpaka kalamu yako tu ndiyo inasikia, mimi ndiye napaza sauti 'yupo!' Nimechoka kukwambia watu upo." Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na machozi yenyewe yalimtia hasira zaidi. "Unaogopa kuliko unavyotaka kumaliza chuo. Hiyo ndiyo shida yako."

Aliuchomoa mkono wake akaenda. Wardah alibaki amesimama penye mlango uliofungwa, na nyuma ya mlango feni ikaendelea kulia.

*

Jumamosi alivuka kivuko kwenda kwao. Nyanya yake, Bi Zubeda, alikuwa amekaa kwenye mkeka chumbani, anachambua mchele kwenye ungo karibu na dirisha la uani. Wardah alimbusu mkono.

"Shikamoo, nyanya."

"Eeh?"

"Shikamoo!"

"Marahaba, mwanangu. Mwanena chini chini nyinyi watoto wa vyuo. Mwasomeshwa kunong'ona?"

Nyumba nzima ilijua kwamba masikio ya Bi Zubeda yamekwenda, isipokuwa Bi Zubeda. Kwa maelezo yake, watu ndio walioharibika. Redio zimeharibika, muadhini wa msikiti wa mtaani amekonda sauti kwa kula chipsi, na wajukuu wote wamekuwa wanong'onaji. Mama yake Wardah alishalia, akabembeleza, akamletea hata daktari nyumbani. Bi Zubeda alimpa daktari kahawa na tende, akamuuliza yeye anapimwa nini.

Wardah alikaa naye, wakachambua pamoja. Alitamani amwambie. Lakini huwezi kumnong'onezea siri mtu asiyesikia, na kupaza sauti jambo lile, mtaa mzima ukalisikia, hapana.

Basi wako hivyo, mchele unapita vidoleni, mara mlango wa mbele ukabishwa.

"Hodi wenyewe!"

Ilikuwa sauti ya Kadzo, jirani, muuza mboga, mwanamke mnene mcheshi. Wardah alitaka kuitikia, lakini kinywani alikuwa na punje za mchele alizokuwa akizitafuna, na kabla hajazimeza, hodi ya pili ikaja, na ya tatu. Bi Zubeda hata kope haikumpanda. Alipuliza pumba, akatikisa ungo.

Kadzo hakungoja tena. Nyayo zake zilisikika zikizunguka nyumba, zikapita kisimani, zikaingia uani. Kisha kivuli kikaanguka juu ya ungo, kikacheza juu ya mchele kama ndege. Alikuwa akipunga pembe ya leso yake dirishani, penye jua.

Bi Zubeda akainua uso. "Astaghfirullahi! Kadzo! Waja dirishani kama mwivi, hukufundishwa hodi?"

"Nimebisha, nyanya! Hata kuku wako wameniitikia!"

"Hukubisha!"

"Nimebisha tatu nzima!"

"Nasema hukubisha. Ungebisha ningekujibu. Miye nalilelewa. Siwezi kumsikia mtu mlangoni kwangu nikamnyamazia, hata akiwa adui yangu. Ndoo huku, zunguka, ingia ndani, umeleta mchicha?"

Kadzo alimkonyezea Wardah jicho, akazunguka.

Wardah alibaki ameshika ungo. *Siwezi kumsikia mtu mlangoni kwangu nikamnyamazia.* Maneno yale yalikaa mbele yake. Akamwona Dakta Kyalo anaandika ubaoni huku bati likilia. Akamwona anavyopenda vikaratasi. Akamwona anavyowatazama wanafunzi midomoni, kwa makini, jambo ambalo wasichana walikuwa wakilicheka. Simu asizopokea. Njoo ofisini. Njoo ofisini. Uso kwa uso.

"Kadzo," akaita, Kadzo alipokuwa akiweka mchicha chini. "Wewe hujawahi kukasirika? Ukibisha asikujibu?"

"Nikasirike kwa lipi?" Kadzo alicheka. "Nikirudi mimi, mchicha ataula nani? Hodi za mlangoni ni za wenye masikio, mamangu. Nyanya yako mimi humbishia machoni."

"Mwasemani nyinyi wawili?" akauliza Bi Zubeda.

"Twasema umependeza!" Kadzo akapiga kelele.

"Hilo sikatai," akasema Bi Zubeda.

*

Jumatatu Wardah hakuingia kwenye ule ukumbi. Alilizunguka jengo la zamani kwa nje, akapita kwenye majani na mapipa ya maji, bahasha yenye kazi yake kifuani. Wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza walimpita wakamtazama kwa mshangao, na alikaribia kurudi, aibu ikimtambaa shingoni. Lakini alikwisha fika.

Meza ya Dakta Kyalo ilielekea dirisha. Ndiyo maana kule mlangoni alikuwa akiona visigino. Alikuwa ameinama anasahihisha. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya Wardah. Aliinua mkono, kivuli cha mkono kikapita kwenye nondo za dirisha, kikaanguka juu ya karatasi.

Dakta Kyalo akainua kichwa. Alishtuka, kisha akatabasamu kama mtu asiyejua atabasamu kwa nini, akaashiria mlango. Wardah alipozunguka hadi ukumbini, mlango ulikuwa wazi.

"Wewe ni Wardah," akasema. "Wa visima. Hatimaye."

"Shikamoo, mwalimu."

"Samahani?"

Wardah alivuta pumzi. Akasogeza kiti hadi penye mwanga wa dirisha, ili uso wake uonekane wote, akakaa, akamtazama, na akafanya kama anavyomfanyia nyanya: polepole, kinywa wazi, sauti kutoka tumboni.

"Shikamoo, mwalimu."

Dakta Kyalo alipatazama pale kiti kilipokuwa mwanzo, akatazama kilipo sasa. Akaiweka kalamu chini.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna mtu. Nyanya yangu yuko hivyo. Ila yeye hakubali."

Mzee yule alicheka kidogo, kicheko kikamkauka. "Na mimi nilidhani naficha vizuri."

"Mwalimu, nilikuja."

"Lini?"

"Kila uliponiita. Nilibisha hodi tatu. Hukunijibu, nikarudi. Kwetu ndivyo tulivyofundishwa. Nilikuwa naona viatu vyako."

Dakta alivitazama viatu vyake kama vimemsaliti. "Kila nilipokuita," akarudia.

"Ndiyo, mwalimu. Nikadhani kazi yangu mbaya, hutaki kuniambia."

"Lo, mtoto wangu!" Aliipangusa miwani kwa shati, ikazidi kuchafuka. "Unajua mimi nilidhani nini? Wanafunzi wa bara wanakuja, wanausukuma mlango, wanaingia. Ninyi wa hapa Pwani hamji. Mmoja mmoja mnakuja mkinikuta nje, ofisini kamwe. Nikasema, basi, hawanipendi. Nimekaa Mombasa miaka yote hii na hawajanizoea. Nikawa nakuandikia njoo, njoo, na wewe huji. Nikasema, hata huyu hanitaki."

Feni ilizunguka.

"Lete hiyo kazi," hatimaye Dakta akasema.

Sura za barua pepe hakuwa amezifungua, akingoja mwenyewe aje nazo. Sasa aliisoma pale pale, yote. Ilikuwa habari ya visima vya Timbwani vinavyogeuka chumvi. Wardah alikuwa ametembea nyumba hadi nyumba na chupa na kipimo cha maabara, tangu kisima cha kwao ambacho maji yake yalikuwa yameanza kuharibu ladha ya chai. Mara mbili Dakta alitikisa kichwa, mara moja akaguna.

"Hapa. Kwa nini hukupima wakati wa bamvua, bahari inapojaa sana?"

"Nilipima, mwalimu."

"Wapi?"

"Ukurasa unaofuata."

Akafunua. "Ahaa." Akaendelea kusoma, kwa haya kidogo. Alipofika mwisho aliziweka karatasi sawa, akazigongagonga mezani. "Kazi hii iliiva zamani. Inangoja mtu wa kuipakua tu."

Kisha uso wake ukabadilika. "Dakta Nzai nilimwambia mbele ya watu kwamba hukuja."

"Mwambie umeniona leo," Wardah akasema upesi. "Yatosha. Nitasema mimi ndiye niliyechelewa. Si lazima wajue mambo mengine."

"Wewe utasema hivyo?"

"Ndiyo, mwalimu."

Dakta Kyalo alimtazama kwa muda. Wardah aliona kwamba anaogopa. Aliijua hofu hiyo, maana ni yake mwenyewe, ya mtu anayeona heri apotee kuliko aangaliwe. Kisha mzee akasimama, akavuta shati lake likanyooka.

"Twende."

"Mwalimu..."

"Twende, kabla sijakaa tena."

Kwa Dakta Nzai aliingia bila kubisha, kama watu wa kwao, na akasema akiwa amesimama. Binti huyu alikuja kila alipoitwa. Alibisha kwa adabu. Asiyesikia alikuwa ni yeye. Sikio la kushoto limekufa kabisa, la kulia limo njiani, na amelificha jambo hilo kwa kuogopa kuambiwa apumzike.

Dakta Nzai alivua miwani. "Kyalo, ndugu yangu. Nikitaka kukusemesha kwenye mkutano, huwa nagonga meza kwanza. Ulidhani ni ukali?"

"Nilidhani ni ukali," Dakta Kyalo akakiri.

"Idara nzima tunajua. Tulikuona hutaki kusema, tukaona tukustahi." Akamgeukia Wardah, na sauti yake ikalainika. "Nami ni mtu wa huku huku. Nimelelewa kwa hodi hizo hizo. Nilipaswa kukuuliza mara ya pili. Nenda kajitayarishe."

Siku hiyo hosteli ya Bi Zuleikha ilipata vigelegele kwa jina moja tu. Jerioth alivipiga peke yake, uani, mpaka Bi Zuleikha akatoka kuuliza kuna harusi ya nani. Kisha akamkumbatia Wardah akamwomba radhi kwa maneno ya Ijumaa, na Wardah akamwambia kwamba yalikuwa ya kweli, na Jerioth akasema basi ameyarudisha yote isipokuwa yale ya mbu.

*

Chumba cha kuwasilisha kilikuwa na projekta inayozimikazimika na viti vilivyojaa. Nyuma walikaa wahadhiri wawili wa kuuliza maswali. Mbele kabisa, pembeni, Dakta Kyalo aligeuza kiti chake ili aelekee mzungumzaji.

"Wardah Mahfudh," Dakta Nzai akaita.

Jerioth alishajaza pumzi kifuani kwa mazoea.

"Nipo," Wardah akasema.

Kiti kimoja kililia. Ni Jerioth aliyegeuka kutazama ni nani aliyejibu.

Wardah alisimama mbele. Aliwaona watu wote kama ukungu, basi akaacha kuwatazama watu wote, akamtafuta mtu mmoja. Dakta Kyalo alikuwa amemkazia macho mdomoni, kalamu mkononi, kama mwanafunzi. Wardah akaanza kumweleza yeye. Polepole, neno baada ya neno, sauti kutoka tumboni: kisima cha nyumbani, chai ya nyanya, bahari inayoingia chini kwa chini watu wanapovuta maji matamu kupita kiasi. Wenzake waliokaa naye miaka minne walikuwa wakiisikia sauti yake kwa mara ya kwanza, nayo ilikuwa nzito kidogo, na nzuri. Riyadh, kiongozi wa darasa, alimnong'oneza jirani yake, "Kumbe simba ni huyu, na sisi twamwita paka," akapigwa kofi la bega na Jerioth.

Kisha maswali yakaja. Mhadhiri mmoja aliuliza kutoka nyuma, harakaharaka, mdomo nyuma ya mkono. Wardah alimwona Dakta Kyalo akitaka kugeuka, amechelewa, swali limekwisha. Akaona jinsi alivyoiinamia kalamu ili asionekane.

"Nimeulizwa," Wardah akasema, akimwelekea yeye, "kama watu wa Timbwani wenyewe wamekubali kupunguza kuvuta maji, au hii ni habari ya karatasini tu."

Dakta Kyalo aliinua uso.

Ndipo Wardah akajibu. Swali la pili alilirudia vile vile, na la tatu. Wahadhiri walidhani ni ustadi aliofundishwa, wakaandika hivyo kwenye alama zake.

Alifaulu. Kule langoni mama wa viazi alimwongezea, na Jerioth akamlia nusu.

Wiki iliyofuata Wardah alipeleka nakala ya mwisho iliyosahihishwa. Ukumbi wa jengo la zamani ulikuwa na mwanga ambao haukuwapo zamani, na alipokaribia aliona sababu. Mlango wa mwisho ulikuwa wazi, umezuiwa kwa jiwe la tumbawe, na ndani meza ilikuwa imegeuzwa. Sasa ilielekea mlango. Dakta Kyalo ameinama juu yake anaandika, na mvi zake za masikioni zinapepea kwa feni.

Wardah alisimama kando, akavuta ushungi.

"Hodi," akasema, kwa mazoea.

Kalamu iliendelea.

Hakusema ya pili. Alipiga hatua moja, akasimama katikati ya mlango wazi, penye mwanga, akainua mkono, akangoja mpaka macho ya mwalimu yakatoka kwenye karatasi.

"Ah," akasema Dakta Kyalo, akisimama. "Karibu, Wardah. Karibu ndani."